Kompyuta ya Stoo na Orodha ya Kwanza

Mwalimu Dismas tulimzika Jumamosi iliyopita, kwao upande wa Mahenge, na mpaka hivi ninapoandika hasira haijanitoka. Si hasira ya kifo. Sukari ilikuwa imemsumbua miaka mingi, mguu mmoja ulikwishakatwa, na mtu akifikia pale hata wanaompenda huanza kumwombea apumzike. Kilichonichoma ni hotuba. Baada ya ibada, jeneza likiwa bado mbele yetu, msemaji wa familia alimkaribisha mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele kabisa, mwenye suti ya kijivu na kofia mapajani, akamtambulisha kuwa ni rafiki wa marehemu wa tangu zamani. Mzee akashika kipaza sauti. Akasema yeye na marehemu ndio waliofungua njia ya mtandao wa kompyuta katika Bonde la Kilombero, marehemu akiwa fundi na yeye akiwa mlezi wa wazo. Akasema walipigwa vita na wasioelewa, lakini wakasimama pamoja. Watu waliguna kwa kumkubali, na vijana wa kwaya, ambao wakati wa mambo hayo hata hawakuwa wamezaliwa, wakampigia makofi mbele ya maiti.

Wakati wa chakula alipita karibu na turubai tulilokaa akina mama, akanitambua, akasimama. "Karani wangu," alisema, "kumbe bado upo." Kinywa changu, bila kuniuliza, kikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipigapiga begani, akaenda zake kunawa mikono. Nilikuwa na sahani ya wali na nyama mapajani, nikaiweka chini kwenye majani, sikuigusa tena. Nina miaka arobaini na kitu, nina watoto wakubwa, nina duka langu la kuchapa na kutoa kopi pale Ifakara mjini, na bado nilimpa yule mtu shikamoo. Njia nzima ya kurudi, mpaka tumevuka daraja, nilikuwa nikijitukana kimoyomoyo. Jina lake sitaliandika hapa. Alipenda kuitwa Mwenyekiti, basi nitamwita hivyo hivyo, na habari za kwetu nyumbani nitaziacha kwa sababu hazihusiki. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na mbili, kwa sababu aliyeujua vizuri kuliko mimi amefukiwa Jumamosi, na aliyebaki kuusimulia kwa kipaza sauti ni mwongo.

Mwaka ule niliajiriwa kuwa karani wa skimu ndogo ya mpunga, mbele kidogo ya Katindiuka. Ofisi yangu ilikuwa chumba kilichokatwa mwishoni mwa ghala, kikatenganishwa na sehemu ya magunia kwa ukuta wa mbao. Kulikuwa na meza moja, benchi, picha ya kalenda ya miaka iliyopita, na harufu ya pumba iliyoingia mpaka kwenye nywele. Mbao zile hazikuzuia sauti. Kamati ilipokaa upande wa pili nilisikia kila kitu, mtu akikohoa, mtu akifungua soda, mtu akisema jambo ambalo asingelisema mbele yangu. Skimu ilikuwa imechimbiwa mifereji mipya, na mashamba yalikuwa yanapimwa na kugawiwa upya kwa wenyewe waliokuwa wakiyalima tangu awali. Kila mtu alilitaka shamba la mfereji wa kwanza, kwa sababu maji yanafika pale kwanza, na mwaka wa ukame aliye mwisho wa mfereji huvuna makapi. Wapimaji walipomaliza walinipa daftari la uwandani, lenye matope kwenye kurasa, nami nikatakiwa nilichape liwe orodha safi. Skimu haikuwa na kompyuta. Ndiyo maana kila Jumanne na Alhamisi nilipanda baiskeli kwenda mjini, kwenye chuo kimoja cha ufundi kilichokuwa na chumba chenye kompyuta sita, na ndiko nilikomkuta Mwalimu Dismas.

Alikuwa mwalimu wa umeme, mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Siku ya kwanza nilimkuta anatoka stoo akiwa amekumbatia kasha la kompyuta kuukuu kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa. Lilikuwa limelala chini ya mifuko ya saruji tangu wafadhili wa zamani walipoondoka. Plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, ndani manyigu walikuwa wamejenga vijumba vya udongo, na panya walikuwa wamekojolea waya. Mafundi wa mjini waliliita 486 na wakalicheka. Hata wakati ule ilikuwa kompyuta ya zamani sana, haikuweza hata kupiga muziki. Nilimuuliza anaitakia nini. Akasema anataka iwe seva. Neno lenyewe sikulijua. Akanieleza kwamba seva ni kompyuta inayotunza kurasa, ikikaa macho muda wote, na kompyuta nyingine yoyote ikiomba ukurasa, yenyewe inautoa. Haihitaji nguvu nyingi, alisema, inahitaji kutolala tu. Kisha akaongeza kwa sauti ile ile ya kufundishia, "Kazi yake ni kuulizwa na kujibu kilichomo. Wapo watu wenye elimu kubwa hawaiwezi kazi hiyo."

Miezi miwili ilikwenda kwenye kufufua lile kasha. Mimi nikimaliza kuchapa barua za skimu nilibaki karakana kumsaidia, kwanza kwa udadisi, baadaye kwa sababu hapakuwa na mahali pengine nilipojiona nina akili. Alisafisha ubao wa ndani kwa spiriti na mswaki. Alichomoa vipande vya kumbukumbu kutoka kwenye mashine mbili zilizokufa, akavijaribu kimoja kimoja mpaka vinne vikakubaliana. Alikwenda Morogoro kwa basi akarudi na kadi ya mtandao aliyoifunga kwenye soksi isivunjike. Mfumo wenyewe, Linux, ule unaotolewa bure, tuliuingiza kwa flopi, zile diski bapa za kuhifadhia kazi, moja baada ya nyingine, na mara mbili flopi mbovu ilitukatisha tukiwa karibu kumaliza, tukaanza upya bila yeye kulalamika. Kilichomshinda ni kitu kidogo kuliko vyote. Betri ndogo ya saa, ile inayoifanya kompyuta ikumbuke tarehe hata ikizimwa, ilikuwa imevuja na kuula ubao, akaikata, na nyingine ya aina ile haikupatikana. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, nao ulikuwa unakatika ingawa nyaya kubwa za kutoka Kidatu zilipita bondeni mwetu kwenda mbali, mashine ile iliamka ikiamini ni siku ya kwanza ya mwaka wa themanini. Ilibidi mtu akae mbele yake aiandikie tarehe kwa mkono. Mwalimu alibandika karatasi juu ya kasha: UMEME UKIRUDI, ANZA NA TAREHE. Alinisisitizia mara nyingi. Nilisema nimeelewa.

Mchana tulikula kwa Mama Erasto. Alikuwa mjane wa makamo aliyepika nje ya geti la chuo, chini ya mabati manne, na alfajiri kabla ya kupika alikuwa ameshatoka shambani kwake, kwenye skimu ile ile niliyokuwa karani wake. Shamba lake lilikuwa la mfereji wa kwanza, la tatu kutoka kwenye mlango wa maji. Alilifyeka yeye na mumewe wakati pale ni matete matupu. Wali wake ulikuwa wa mpunga wake mwenyewe, unanukia toka barabarani, na mboga ilikuwa perege wa kuchemsha na mlenda, au siku nzuri kambale mkavu aliyeungwa karanga. Msimu wa mpunga mchanga alitutwangia pepeta, tukala huku tunanyunyizia maji ya dafu. Kijana wake wa pekee, Erasto, alikuwa anasoma chuo Dar es Salaam, na Mama alimzungumzia kiasi kwamba wateja wote walijua ana mtihani lini. Mwalimu Dismas na Mama Erasto walikuwa wanatoka upande mmoja wa mto, wakiongea Kipogoro upesi upesi na kucheka, halafu wakinigeukia na kunitafsiria nusu tu.

Siku seva ilipofanya kazi tulikuwa watatu chumbani, mimi, Mwalimu, na Mama Erasto aliyekuwa ameleta sahani. Mwalimu aliketi kwenye kompyuta ya mwanafunzi, akaandika anwani, akasubiri. Lile kasha kuukuu kwenye kona likakoroma kidogo, taa yake ikapepesa, na kwenye skrini yakatokea maneno aliyoyaandika mwenyewe: Karibu Bonde la Kilombero. Akainuka, akaenda kompyuta ya pili, akaufungua tena ukurasa ule, akaenda ya tatu, mpaka akazimaliza zote sita, na zote zikawa zinamkaribisha. Ndipo akakaa chini kwenye sakafu, akavua miwani, akaomba chai. Mama Erasto aliangalia lile kasha akauliza hilo takataka ndilo linaloongea na mengine yote. Tukamjibu ndilo. Akasema basi lifunikwe kitambaa, vumbi ni jingi.

Tuliweka mambo ya kawaida. Ratiba ya masomo, namna ya kutunza kitalu cha mpunga, bei ya mchele sokoni, na kama kivuko kinafanya kazi siku hiyo, kwa sababu daraja halikuwepo na mtu angeweza kufika mtoni akalala pale. Chuo kilikuwa na dishi la setilaiti, na baada ya kuandikiana barua nyingi na waliotuuzia huduma, Mwalimu alipata anwani iliyowezesha kurasa zetu kuonekana popote duniani. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na mstari uliojiandika wenyewe, kusema ukurasa huu ulibadilishwa mwisho tarehe fulani. Alijivunia mstari ule. Alisema karatasi inaweza kudanganya umri wake, lakini ukurasa wetu hauwezi.

Orodha ya mashamba nilikwishaichapa, nimeikabidhi, na flopi yangu nimebaki nayo, nilipousikia mkutano wa kamati kupitia ukuta wa mbao. Sauti ya Mwenyekiti niliijua vizuri, ilikuwa ya taratibu, sauti ya mtu asiyekatizwa. Alisema mfereji wa kwanza umejaa wajane. Mtu mwingine akacheka. Mwenyekiti akaendelea kwamba mwanamke asiye na mume hana nguvu ya kusafisha mfereji, atawakwamisha wenzake, na isitoshe wako vijana wenye uwezo, wanaoweza kuleta trekta. Akataja majina ya vijana hao. Watatu walikuwa ni wa nyumbani kwake. Kesho yake akanipa karatasi yenye majina tisa ya kubadilisha, akasema, kama mtu anayenisahihishia tahajia, kwamba wapimaji walikosea. Jina la tatu lilikuwa la Mama Erasto. Nilipanda baiskeli, nikaenda chuoni, nikachapa. Naliandika hili wazi kwa sababu hakuna mwingine wa kuliandika: orodha ya kweli niliichapa mimi, na ya uongo niliichapa mimi, kwa vidole hivi hivi, halafu nikaenda kula wali wa mwanamke niliyemfuta.

Orodha ya pili ilibandikwa mlangoni pa ghala. Watu waliosoma walisoma, wasiojua kusoma wakasomewa walichotakiwa kusikia. Mama Erasto alikwenda ofisini kuuliza, akaambiwa asubiri, ni marekebisho. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikipanga stakabadhi. Alinitazama, nikaendelea kupanga. Alhamisi ile nilimweleza Mwalimu Dismas yote, nikilia, nikitegemea aniambie sina kosa. Hakuniambia hivyo. Aliniuliza ile ya kwanza iko wapi. Nikatoa flopi mfukoni. Akasema kazi ya seva ni kutunza kilichomo, basi na tuiweke. Nilikubali, na sitajisifu kwa ujasiri nisiokuwa nao. Nilikubali kwa sababu nilijua hakuna mtu hata mmoja kule Katindiuka aliyewahi kufungua ukurasa wa mtandao. Nilidhani ninaweka ukweli mahali ambapo hautanisumbua.

Siku niliyoiweka Mwalimu alikuwa darasani. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi na kurudi. Niliwasha mashine, karatasi yake iko mbele ya macho yangu, na kwa haraka ya kuogopa nikaruka hatua ya tarehe. Nikaingiza orodha, nikaifungua kwenye kompyuta nyingine, nikaona majina yote yametokea, nikaondoka. Mstari wa chini sikuusoma.

Erasto ndiye aliyeiona. Mama yake alikuwa amemwandikia kwamba kwao kuna kompyuta inayoonekana mpaka Dar, naye akaingia kwenye mgahawa wa intaneti karibu na chuo chao ili aone tu bei ya mchele wa kwao. Akakuta orodha, akakuta jina la mama yake kwenye mfereji wa kwanza, na wiki ile ile alikuwa ameandikiwa kwamba shamba limeondoka. Alikwenda akaichapisha karatasi kumi, akazituma kwa basi. Kufikia Jumapili zilikuwa zimesomwa nje ya kanisa na nje ya msikiti, na wale tisa walikuwa wamejuana. Nakumbuka Mama Erasto alivyokuja chuoni Jumatatu, hakuwa amepika, amevaa gauni lake la kanisani. Alimsalimia Mwalimu, kisha akaenda kwenye kona, akaweka kiganja juu ya lile kasha lililofunikwa kitambaa chake, akakaa hivyo kidogo. Mimi nilikuwa mlangoni. Aliponipita alinishika mkono akasema, "Ahsante, mwanangu." Alidhani mimi ni mtu mwema.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Aliitisha mkutano ghalani, watu wakakaa juu ya magunia, wengine wakasimama mpaka nje. Mkuu wa chuo aliletwa, Mwalimu Dismas naye. Wajane wanane na mzee mmoja kipofu, maana na shamba lake lilikuwa limechukuliwa, walikaa mbele. Mwenyekiti akaishika ile karatasi iliyotoka Dar, akawaambia watu kwamba hataki ugomvi, anataka tusome pamoja. Akampa kijana mmoja asome mstari wa mwisho. Kijana akasoma: ukurasa huu ulibadilishwa mwisho tarehe moja Januari, elfu moja mia tisa na themanini. Kikaanza kicheko kutoka nyuma kikaja mbele. Mwenyekiti aliuliza kwa upole ni nani kati yao aliyepimiwa shamba mwaka huo, wakati skimu haijaotwa hata kwenye ndoto. Mwalimu alisimama akaeleza habari ya betri. Alieleza vizuri, kama darasani, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu neno betri kwao lilikuwa la tochi. Niliona shingo yake ikilowa jasho. Alijua ni nani aliyeruka tarehe. Hakunitaja.

Ndipo Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, wewe ndiye karani wetu. Hii orodha uliichapa wewe?"

Lilikuwa ni swali la ndiyo au hapana. Mbele yangu walikaa watu tisa, na Mama Erasto alikuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Nilimtazama Mwenyekiti. Nilifikiria kazi, nilifikiria watakavyonisema, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Sikumbuki."

Watu wengi wamenidhulumu katika maisha na nimewasamehe. Yule msichana sijamsamehe. Nimejaribu kumtetea kwamba alikuwa mdogo, alikuwa peke yake, alimwogopa mtu aliyeogopwa na watu wazima. Yote ni kweli na hayanisaidii. Lakini nisiruhusu hasira yangu yote inile mimi, maana hilo nalo ndilo walilotaka watu wa aina ile, kwamba wao wapange uovu na karani akae miaka ishirini akijilaumu. Aliyeiba ni Mwenyekiti. Aliyecheka ni ghala zima. Mkuu wa chuo, mtu msomi aliyejua kabisa betri ya kompyuta ni nini, aliinamisha kichwa akasoma kucha zake. Wiki ile ile Mwalimu Dismas alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa kutumia mali ya chuo kueneza uchochezi. Seva ilichukuliwa na vijana wa Mwenyekiti, wakasema ni ushahidi. Siku tatu baadaye niliiona ghalani, imewekwa chini ya mzani kuusawazisha, kasha limebonyea, na waya zake zimekatwa kwa panga. Kitambaa hakikuwepo.

Mwalimu alirudi Mahenge. Nilikwenda kumuaga kivukoni, nikamkuta amekaa juu ya sanduku lake la vifaa. Nilitaka anigombeze. Aliniambia tu kwamba tarehe ni kosa la betri, na kwamba lile jingine ni langu na yeye hawezi kuniondolea. Akapanda. Huko kwao alitengeneza redio na pampu za maji mpaka miguu ilipomshinda, na sikusikia tena kwamba aligusa kompyuta. Huyo ndiye ambaye Jumamosi iliyopita ameelezwa kuwa alikuwa na mlezi.

Nilimaliza wiki mbili nikienda kazini kama kawaida. Siku ya kumi na tano nikaenda kwa Mama Erasto nyumbani, si getini, kwa sababu tangu mkutano sikuthubutu kupita pale. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, jikoni nje, kuku wanapita katikati. Nilipiga magoti mlangoni nikamwambia shikamoo mama, na kabla hajaitikia nikamwambia kwamba nilikumbuka. Nilimweleza habari ya ukuta wa mbao, karatasi ya majina tisa, orodha mbili, tarehe. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hakuacha. Nilipomaliza alichambua mwingine kama konzi tatu hivi. Kisha akaniuliza, "Jina langu lilikuwa la herufi ngapi hata likakusumbua kulisema?" Hakunikaribisha kula, na katika nyumba ile hilo lilikuwa adhabu ambayo sijawahi kusikia mwingine amepewa. Nilipoinuka kuondoka alisema mpunga wake umekomaa, ataanza kuvuna Jumatano, aliye na mikono na aje.

Nieleze hapa yaliyokuja baadaye, ili msomaji asidhani tulishinda. Wale tisa walikwenda kwenye baraza la ardhi, na nilisimama pale nikasema orodha ya kwanza niliichapa mimi na ya pili pia, na nani aliniagiza. Kesi ilikokotwa miaka. Mashamba matatu yalirudi. La Mama Erasto halikurudi. Alifariki akilima la kukodi, mwisho kabisa wa mfereji, pale ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Mwenyekiti hakuulizwa na mtu. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa hiki na kile mpaka akazeeka akawa mgeni rasmi. Wateja wangu dukani hunishangaa ninapokataa kuwachapia hati ya shamba mpaka wasome majina yao kwa sauti, herufi kwa herufi, hata kama foleni ni ndefu. Wengine wameniita mama mkali. Ni kweli.

Lakini Jumatano ile nilikwenda. Nilikuwa nimeacha barua ya kuacha kazi juu ya meza ya ghalani, mistari miwili, niliyoiandika kwa kalamu. Shambani walikuwepo wajane saba, yule mzee kipofu ambaye alikaa kwenye tuta akifunga miganda kwa kupapasa, na Erasto aliyeshuka na basi la asubuhi, bado amevaa viatu vya mjini. Mpunga ulikuwa umelala kwa uzito. Mama Erasto alinipa mundu bila kunitazama, akanionyesha pa kuanzia, pembeni kabisa, na sikuona ubaya. Tulikuwa tumefika katikati ya jaruba wakati mpwa wa Mwenyekiti, yule aliyeandikiwa shamba lile, alipofika kwenye tuta na pikipiki mpya. Alituambia tutoke, shamba ni lake. Mama Erasto alinyoosha mgongo, akamjibu kwamba shamba wameshalichapa, ila huu mpunga aliupanda yeye, na kama yeye kijana anaujua hata mche mmoja kwa jina aje auvune. Kisha akainama akaendelea. Hakuna aliyecheka. Miundu ilikuwa inakwenda.

Kijana akazima pikipiki. Akatoa kijitabu mfukoni na kalamu, akasema atapeleka majina ya wote waliovamia, tutaitwa mmoja mmoja. Akaanza na mimi, labda kwa sababu nilikuwa pembeni, karibu naye, au kwa sababu alinijua kuwa ni karani wa mjomba wake na alitegemea nitakimbia. Nilisimama na mundu mkononi na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikamwambia Getruda. Akaandika upesi upesi. Nikamwomba anionyeshe. Alikuwa ameandika vibaya. Nikamwambia afute, aanze upya, nikamtajia herufi moja moja, taratibu, nikingoja kila moja ikae kwenye karatasi ndipo nimpe nyingine.